Moyo wa Kazi Ukikufa Mbele ya Kompyuta: Maswali ya Wasomaji

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa watu wa fani moja: waandishi wa programu za kompyuta wa Mbeya, Iringa na Njombe, ambao kazi waliyoipenda sasa inawachukiza. Tumezifupisha barua na majina tumeyaacha.

SWALI: Ndugu mhariri, nipo Forest, Mbeya. Huu ni mwaka wa pili naifanyia kazi kampuni ya California nikiwa nyumbani. Naanza saa 1 usiku, namaliza saa 10 alfajiri. Zamani nikikutana na hitilafu silali mpaka niipate. Siku hizi nikifungua kompyuta tu kifua kinabana, naishia kuangalia video saa nzima kabla ya kuandika mstari mmoja. Nikiamka kichwa kinauma, hasa baridi hii ilipoanza. Nimechukua likizo ya wiki, sikuona nafuu. Je, kipaji kimeniishia?

JIBU: Kipaji hakiishi hivyo, ndugu yetu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu wa namna hii kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, na likasema wazi kwamba si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi au kuikalia mbali, na kujiona hufanyi lolote la maana. Wewe unazo zote.

Lakini kabla hatujafika huko, tuulize kuhusu hicho kichwa. Chumba unachofanyia kazi unakipasha joto kwa kitu gani? Mwezi wa sita na wa saba watu wengi wa Mbeya, Tukuyu na Njombe huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na ikizidi inaua. Ikiwa kidogo huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, uzito wa mwili na akili kuchelewa, yaani mambo yaleyale ambayo mtu angeyaita uchovu wa kazi. Kipimo cha haraka ni kwamba ukitoka nje kwenye hewa safi unapata nafuu, na wenzako wa chumbani nao wanalalamika. Ikiwa ndivyo, jiko litoke leo hii. Vaa sweta mbili, funika miguu kwa blanketi, weka chupa ya maji ya moto miguuni. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi.

Sasa tuje kwenye saa zako. Kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, California iko nyuma yetu kwa saa 10. Miezi inayobaki ni saa 11. Asubuhi yao saa 3 ni usiku wetu saa 1 au saa 2. Kufuata siku yao nzima maana yake unalala mchana, na saa ya mwili inafuata mwanga wa jua, haifuati mkataba. Usingizi wa mchana huwa mfupi na wa kukatika hata kama mtaa umetulia, na mtaa wa Forest mchana hautulii. Ukilala kwa saa tano tu kila siku kwa miezi mingi, chuki dhidi ya kazi haiwezi kukosa.

Hii ndiyo sababu likizo haikusaidia. Ulipumzika wiki moja kisha ukarudi kwenye ratiba ileile, na lundo la kazi likiwa limeongezeka. Tunakisia pia kwamba kikundi cha kazi kilibaki kwenye simu. Likizo ambayo meseji za kazi zinaingia ni kazi isiyo na kiti.

Unachohitaji kwanza ni kubadilisha saa. Kazi nyingi za programu hazihitaji nyote muwe macho kwa wakati mmoja. Mwombe mkuu wako mpatane saa tatu za kukutana: saa 1 hadi saa 4 usiku kwetu wakati wao ni majira ya joto, saa 2 hadi saa 5 usiku majira yao ya baridi. Vikao na mapitio ya msimbo (maandishi ya programu) viingie humo. Saa tano nyingine zifanye peke yako kuanzia saa 7 mchana hadi saa 12 jioni. Unalala saa 5 na nusu usiku, unaamka saa 1 na nusu asubuhi. Katika kipindi cha saa 11 utasogea nusu saa au zaidi, si vibaya.

Usimwandikie kwamba umechoka. Mwandikie kwamba unaomba majaribio ya wiki nne, taja saa utakazopatikana, eleza kwamba kila siku ukimaliza utaacha maandishi ya ulichofanya, kilichokwama na unachosubiri kwao, na taja tarehe ya kupima matokeo. Mkuu wa kazi hukubali jaribio lenye mwisho kwa urahisi kuliko mabadiliko ya kudumu. Kama zamu yako inahusu kuangalia seva (kompyuta inayoendesha huduma) usiku, omba mzunguko: wiki moja kazini, wiki tatu nje, na seva iamshe mtu pale tu huduma inapozimika, siyo kila diski inapojaa asilimia 70.

Wapo pia wanaokesha kwa sababu nyingine kabisa: kifurushi cha usiku ni nafuu. Hapo fanya hesabu. Msimbo wenyewe ni maandishi, unakula data kidogo mno. Kinachokula ni video, vikao vya picha na kupakua maktaba za programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine. Pakua maktaba mara moja uzihifadhi kwenye diski, zima kamera kwenye vikao, na kifurushi cha kawaida kitakufikisha mbali.

Baada ya usingizi kurudi, ndipo tuzungumzie hamu. Watu wengi husubiri hamu irudi ndipo waanze kazi. Mpangilio halisi ni kinyume: unafanya kidogo, unamaliza, na hamu inafuata nyuma. Kila siku unayoikwepa kompyuta, ubongo unapata nafuu ya muda mfupi na unajifunza kukwepa tena kesho.

Kwa wiki mbili za mwanzo chagua kila siku kazi moja inayoweza kuisha ndani ya dakika 30: kurekebisha neno kwenye fomu, kuandika jaribio moja (msimbo mfupi wa kupima msimbo mwingine) la kipande ambacho hakina jaribio, kufuta msimbo usiotumika. Iishe kabisa na iunganishwe kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo, siku hiyohiyo. Kisha endelea na kazi nyingine za kawaida kadiri nguvu zinavyoruhusu. Na kabla ya kufunga, andika mistari mitatu: faili gani utafungua kesho, sehemu gani ya faili, na kitu gani cha kwanza utajaribu. Wengine huacha makusudi jaribio moja linaloshindwa, ili kesho kompyuta yenyewe iwaonyeshe pa kuanzia. Kinachobana kifua ukifungua kompyuta mara nyingi ni kule kutojua uanzie wapi, na mistari hiyo mitatu inakuondolea.

Tahadhari mbili. Siku ya kwanza utakayojisikia vizuri, utatamani kufanya kazi saa 12 mfululizo kulipa deni. Usifanye, kesho yake utaanguka. Na utatamani kuufuta mfumo mzima uuandike upya, au uhamie lugha nyingine ya programu. Tamaa hiyo huwapata karibu wote waliochoka. Iandike kwenye daftari na uisubirishe miezi mitatu.

Asubuhi, kabla ya simu, toka nje dakika 20 hadi 30 kwenye mwanga. Ukiwa Forest huna sababu ya kukosa mlima wa kutembelea.

SWALI: Kamwene! Mimi ni wa Kihesa, Iringa. Najitegemea. Nimejenga mifumo ya shule nne na SACCOS mbili, yote peke yangu, kila mmoja kwa shilingi milioni moja na nusu, malipo mara moja tu. Tatizo ni kwamba hawaishi kupiga simu. Januari shule zikifungua na Desemba SACCOS zikifunga hesabu sipati hata kula. Mwalimu mkuu mmoja hunipigia saa 4 usiku: "mwanangu, risiti haitoki." Nikiufungua msimbo wangu mwenyewe nausoma kama wa mtu mwingine. Natamani kufungua duka la mbolea.

JIBU: Kamwene, ndugu. Duka la mbolea nalo lina wateja wa saa 4 usiku, hasa mvua zikianza.

Ulichouza ni mfumo, lakini unachotoa ni huduma ya maisha bila malipo. Hakuna mapumziko yatakayotibu hilo, maana kila mteja mpya anaongeza simu na haongezi shilingi baada ya siku ya makabidhiano. Kwa hiyo tiba yako ipo kwenye mkataba na kwenye msimbo.

Anza kwa daftari. Kwa wiki mbili andika kila simu: nani, saa ngapi, alitaka nini, dakika ngapi. Usibadilishe kitu kingine. Ukimaliza zipange kwa aina. Mara nyingi aina mbili au tatu ndizo zinazobeba mzigo: mtu amesahau nenosiri, mhasibu ameingiza kiasi kisicho sahihi na hawezi kukirekebisha, printa haichapi. Mbili za kwanza zinazimwa kwa msimbo. Weka njia ya mtumiaji kubadilisha nenosiri mwenyewe kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake. Mpe mhasibu mkuu uwezo wa kubatilisha muamala, siyo kuufuta: muamala wa awali unabaki, wa kinyume chake unaandikwa chini yake, pamoja na jina la aliyefanya, saa na sababu. Bila kumbukumbu hiyo utazima simu na kuwasha wizi. Kuhusu printa, bandika karatasi yenye picha ukutani kwa mhasibu: angalia waya, angalia karatasi, zima uwashe. Lifanye hili kabla ya kitu kingine chochote, ndilo litakalokupa pumzi ya kwanza.

Swali linalofuata ni la mifumo yenyewe. Unayo mifumo sita, au ni mfumo uleule ulionakiliwa mara sita kisha kila nakala ikakatwa na kushonwa kivyake? Kama ni nakala, hitilafu moja unaitengeneza mara sita, na hapo ndipo msimbo unapokugeukia kuwa mgeni. Chagua shule moja iwe msingi. Tofauti za shule nyingine, kama nembo, ada na mfumo wa madaraja, zihamishe kwenye jedwali la mipangilio. Hamisha shule moja kwa wakati, ukianza na ile ndogo, katikati ya muhula. Kamwe usihamishe Januari. SACCOS ziache mwisho, tena baada ya hesabu za mwaka kufungwa.

Halafu kuna hofu. Mtu anayetunza akiba za watu bila nakala ya uhakika hulala jicho moja. Kama databesi yako ni MySQL, panga mysqldump, amri yake ya kutoa nakala, ijiendeshe saa 8 usiku kila siku, hifadhi nakala za siku 7 na za wiki 4, na moja ikae nje ya seva hiyo kabisa. Kisha mara moja kwa mwezi irudishe nakala kwenye kompyuta yako, ufungue, ulinganishe jumla ya salio na ile ya mfumo hai. Wengi wana nakala, wachache wamewahi kuzirudisha. Faili linaweza kuwa tupu kwa sababu diski ilijaa au nenosiri la databesi lilibadilishwa, na hakuna aliyejua.

Sasa fedha. Ada ya matunzo inayotumika sana kwenye fani hii ni asilimia 15 hadi 20 ya bei ya kujenga, kwa mwaka. Kwa milioni moja na nusu ni kati ya shilingi 225,000 na 300,000 kwa kila mteja. Kwa sita, ukichukua asilimia 18, ni 1,620,000. Si utajiri, lakini inamlipa kijana wa kupokea simu kwa miezi ya Desemba na Januari, na hilo ndilo unalolihitaji.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha. Useme kwamba siku 30 baada ya makabidhiano hitilafu zinatengenezwa bure. Ueleze hitilafu ni nini: mfumo kutofanya kile kilichoandikwa kwenye orodha mliyosaini. Chochote kisichomo kwenye orodha ni ombi jipya lenye bei yake. Useme kuna namba moja ya huduma, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Na uweke ngazi: mfumo umezimika kwa wote, unajibu ndani ya saa mbili; mtu mmoja amekwama, unajibu siku ya kazi inayofuata; pendekezo la uzuri, linasubiri toleo la mwezi ujao. Namba ya huduma iwe laini tofauti na yako. WhatsApp ya biashara ina ujumbe wa kujibu wenyewe nje ya saa za kazi, utumie.

Ugumu upo kwenye "mwanangu". Wateja wetu wa nyanda za juu ni walimu waliotufundisha, wazee wa kanisa, jirani wa mama. Kumwambia mzee kwamba simu ya usiku ina bei kunaonekana ni utovu wa adabu. Ukipeleka barua za ada kwa wote sita siku moja, zitasomwa kama umeota pembe. Anza na mteja mpya, yeye asaini hivyo tangu mwanzo. Kwa wa zamani subiri tarehe ya kulipia upya jina la tovuti na seva, nenda ana kwa ana, chukua lile daftari la simu, mwonyeshe simu zake zote za usiku kwa tarehe. Mzee akiona ameandikwa mara kumi na nne kwa wiki mbili, mara nyingi anacheka, kisha mnaanza kuzungumza. Atakayekataa kabisa, mpe notisi ya miezi mitatu, mkabidhi msimbo, databesi na maelezo ya kuuendesha, muachane kwa salamu. Jiandae kumpoteza mmoja. Kama ni yule anayechukua nusu ya simu zote, hesabu yako itakuwa nzuri kuliko awali.

SWALI: Nimeajiriwa na kampuni moja ya hapa Mbeya mjini. Bosi anasema watu wa programu hawana saa za kazi. Tunakaa mpaka saa 4 usiku siku sita. Ni kweli sheria haituhusu?

JIBU: Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuwatoa waandishi wa programu. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kuwe na angalau saa 12 za mapumziko, na kila wiki saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, Jumapili zikihesabiwa humo. Ugonjwa una siku 126 ndani ya miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Vifungu vya saa za kazi haviwahusu wale wanaoiongoza kampuni kwa niaba ya mwajiri, kwa hiyo angalia bosi asije akakupa cheo cha umeneja kwenye karatasi.

Usianzie Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, ingawa ina ofisi mikoani. Anza kuandika saa zako za kuingia na kutoka kwa mwezi mmoja, kisha peleka pamoja na orodha ya kazi mkiwa wawili au watatu. Muulize bosi kipi kati ya hivi kiondoke ili tarehe ibaki, au tarehe ipi isogee ili vyote vibaki. Swali hilo linajibika. "Tumechoka" halijibiki.

SWALI: Nasoma mwaka wa tatu Mbeya. Nimejifunza lugha za programu za Python, JavaScript, Java na sasa Go, lakini hamu imeisha. Naweza kuwa nimechoka kama hao wakubwa?

JIBU: Hapana, mdogo wetu. Wao wamemaliza vingi mno. Wewe hujamaliza hata kimoja. Kufuata masomo ya video kunachosha kwa sababu hakuna mtu anayetumia ulichokifanya. Weka lugha tatu kabatini. Tafuta mtu mmoja mwenye shida ndogo, kwa mfano shangazi anayeuza viazi Uyole na kuandika madeni kwenye boksi, na umtengenezee kitu cha kurasa tatu: kuongeza mdaiwa, kupunguza deni, kuona jumla. Wiki tatu, si zaidi. Kikifanya kazi kwenye simu yake ya bei rahisi bila intaneti, umejifunza kuliko mwaka mzima wa video. Ukitumia akili unde, jaribu mwenyewe dakika 20 kwanza, na usibandike mstari usioweza kuueleza.

SWALI: Mume wangu anafanya kazi hizo hapa Makambako. Hali vizuri, halali, hataki hata mpira aliokuwa akiupenda. Juzi kasema heri asingekuwepo. Ni kazi tu?

JIBU: Dada, hapana, hili usilisubirishe. Uchovu wa kazi humfanya mtu achukie kazi, lakini mpira bado anaupenda. Anapopoteza furaha katika kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo ina matibabu. Na kwa neno alilolisema, nenda naye hospitali leo. Usimwache peke yake, na dawa za shambani za kuua wadudu na magugu ziondoke nyumbani zikahifadhiwe kwa mtu mwingine. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Anzeni na hospitali iliyo karibu. Ikihitajika watawapa rufaa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili. Waombe pia wapime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu unaofanana na huu.

SWALI: Vinywaji vya kuongeza nguvu vinne kwa usiku, ni vingi? (Mafinga)

JIBU: Ni vingi. Soma kopo: vingi vina miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ni 160, na nne ni 640. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku, kahawa na chai zikiwemo, mjamzito 200. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa 5 hivi, kwa hiyo chupa ya saa 10 jioni, saa 3 usiku bado ina miligramu 80 zinazofanya kazi. Usiache ghafla, kichwa kitakuuma kuanzia siku ya kwanza na huenda kikaendelea wiki nzima. Punguza chupa moja kila baada ya siku tatu, ukianza na ile ya mwisho ya usiku.